Sura ya Tano: Chui wa Dhahabu

Dhahabu inayoshuka kutoka milima ya Kivu Kusini haina jina. Mchimbaji wa Kamituga, wa Luhwindja au wa Misisi kule Fizi huiuza ikiwa vumbi ndani ya kikaratasi kilichokunjwa. Mnunuzi wa kwanza humwuzia wa pili, wa pili humwuzia wa tatu, na inapofika Uvira imekwisha kuchanganywa na ya watu wengine. Ile inayovuka Ruzizi kwa magendo kwenda Bujumbura, jambo ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika katika ripoti zao miaka nenda miaka rudi, haiulizwi tena ilitoka shimo gani. Huyeyushwa, ikawa mche, ikaanza maisha mapya katika soko la Dubai.

Sarafu ya dhahabu ni kiumbe wa namna nyingine. Ina nchi, ina mwaka, ina kiwanda kilichoigonga, na ikiwa imethibitishwa na wataalamu ina namba ambayo sarafu nyingine yoyote duniani haipewi. Sura hii inazihusu sarafu za namna hiyo, hasa zile za prufu, neno nitakalolieleza mbele, zenye picha za wanyama wa porini. Nimeiandika nikimfikiria msomaji wa Lubarika, mtu wa uwanda wa Ruzizi, chini ya milima ya Lemera, anayelima mpunga na muhogo, ambaye maisha yake yote amesikia habari za dhahabu inayopita barabara ya Uvira na Bukavu, na pengine hajawahi kushika sarafu hata moja ya dhahabu iliyobeba jina la nchi yake.

Sarafu hiyo ipo. Ilitolewa mwaka 1975. Ina uzito wa gramu 33.437, dhahabu yake ni sehemu 900 kwa 1,000, na thamani iliyoandikwa juu yake ni Zaire 100. Upande mmoja yupo Mobutu Sese Seko. Upande wa pili yupo chui.

Haikuzaliwa Kinshasa peke yake. Kati ya mwaka 1974 na 1979, shirika la WWF na lile la IUCN, yote mawili ya kutetea viumbe vya porini, yalikubaliana na nchi 24 zitoe sarafu za kuuziwa wakusanyaji, na sehemu ya mapato iende kwenye hifadhi. Kazi ya kuzigonga ikapewa kiwanda cha sarafu cha kifalme cha Uingereza. Kila nchi ilitoa sarafu tatu, mbili za fedha na moja ya dhahabu, na kila moja ilibeba mnyama au ndege wa nchi hiyo. Tanzania ilitangulia mwaka 1974: twiga kwenye fedha ya shilingi 25, kifaru kwenye fedha ya shilingi 50, na duma kwenye dhahabu ya shilingi 1,500, Nyerere akiwa upande wa pili. Kwa dhahabu yake Malawi ilimchagua nyala, Zambia ikamchagua mbwa mwitu. Zaire ikatoa sokwe kwa fedha ya Zaire mbili na nusu, okapi kwa fedha ya Zaire tano, na chui kwa dhahabu.

Chui alipewa dhahabu kwa sababu ambayo mtu yeyote wa Kivu anaielewa bila kufundishwa. Ngozi yake ni vazi la mwami. Timu ya taifa iliyokwenda Kombe la Dunia mwaka 1974 ilikwenda kwa jina la Leopards. Na mtu aliyechorwa upande wa pili wa sarafu alijulikana dunia nzima kwa kofia yake ya ngozi ya chui. Mwaka huohuo wa 1975, tarehe 1 Julai, ulianza kutumika mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na chui aliwekwa kwenye orodha ya kwanza, ile yenye ulinzi mkali kuliko zote. Sijui sarafu nyingine ya hifadhi ya wanyama inayokutanisha ulinzi wa chui na mvaaji wa ngozi yake kwenye kipande kimoja cha dhahabu namna hii. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuifanya sarafu bora kuliko zote za mfululizo ule, hata kama duma wa Tanzania ana sura ya kuvutia zaidi.

Tuipigie hesabu, kwa maana hesabu yake ina mafunzo kuliko picha. Gramu 33.437 zenye dhahabu tisa ya kumi ni gramu 30.09 za dhahabu tupu, pungufu kidogo ya wakia moja, maana wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Mwaka 1975 bei ya wakia ilicheza kati ya dola 130 na 185 hivi. Zaire moja, kwa kiwango cha serikali kilichowekwa tangu fedha hiyo ilipoanzishwa mwaka 1967, ilikuwa dola mbili. Kwa hiyo maandishi ya sarafu yalidai dola 200, na dhahabu iliyomo haikuzifikia. Kwenye karatasi, serikali ilikuwa na thamani kuliko dhahabu.

Halafu Zaire ikaanza kuporomoka. Machi 1976 ilishushwa thamani, ikashushwa tena na tena. Oktoba 1993 ikaja Zaire mpya, moja ikichukua nafasi ya milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja ikichukua nafasi ya Zaire mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ni sawa na Zaire za zamani bilioni 300. Maana yake, ili thamani iliyoandikwa kwenye sarafu ya chui ifikie faranga moja, faranga ambayo leo haikununulii hata njiti ya kiberiti, ungehitaji sarafu bilioni tatu. Na dhahabu ileile, kwa bei iliyovuka dola 4,000 kwa wakia Oktoba 2025, ilikuwa na thamani ya karibu dola 3,900 hata kabla hujamlipa mtu chochote kwa ajili ya uchache wake.

Uchache ndio unaomleta mkusanyaji. Sarafu ya chui ilitolewa kwa namna mbili: ya kawaida, isiyopita 1,500, na ya prufu, ambayo haikufika hata 300. Duma wa prufu wa Tanzania hawakufika 1,000. Hizi ni idadi za kijiji kidogo. Sarafu hizi ziliuzwa hasa kwa wakusanyaji wa ng'ambo, ndiyo maana leo mtu wa Uvira anayemtafuta chui wa nchi yake atamkuta kwenye mnada wa Ulaya au Marekani kabla ya kumkuta Kinshasa.

Na aliyechorwa upande wa pili? Kuanguka kwake kulianzia juu ya Lubarika. Oktoba 1996, hospitali ya Lemera ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani, na mwezi huohuo muungano wa waasi wa AFDL ukatangaza makubaliano yaliyobeba jina la Lemera. Mei 1997 Mobutu alikuwa ameondoka. Watu wa uwanda huu hawahitaji kitabu cha sarafu kiwasimulie miezi ile. Nimeitaja kwa sababu mkusanyaji wa Tokyo au Zurich anayemiliki chui wa 1975 huwa na maelezo marefu kuhusu ubora wa uso wa sarafu, na hana hata mstari mmoja kuhusu mahali utawala ulioitoa ulipoanza kuvunjika. Mtu wa Lubarika anao.

Sasa prufu ni nini? Wengi hudhani ni daraja la ubora. Ni namna ya kutengeneza. Sarafu ya matumizi hugongwa mara moja, haraka, mamia kwa dakika, kisha huporomoka kwenye pipa pamoja na wenzake. Ya prufu hugongwa kwa chapa iliyosuguliwa mpaka ikawa kioo, juu ya kisahani cha dhahabu kilichosuguliwa vilevile, kwa nguvu kubwa na zaidi ya mara moja, kisha hutolewa kwa mkono uliovaa glavu. Matokeo yake uwanda wa sarafu huakisi uso wako, na mnyama hubaki na weupe mkavu wa barafu. Tofauti hiyo kati ya kioo na barafu wakusanyaji huiita kameo, na kadiri inavyokuwa kali ndivyo bei inavyopanda. Mtu akiichukua sarafu hiyo na kuitia mfukoni pamoja na funguo, itabaki kuwa prufu kwa asili yake, ila prufu iliyoharibika, na kwenye cheti itapata namba chini ya 60.

Namba hizo zina historia yake. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alipendekeza kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za zamani za nchi yake. Katikati ya miaka ya 1980 yalizaliwa makampuni mawili yaliyokifanya kipimo hicho kuwa biashara ya dunia: PCGS lililoanza kazi mwaka 1986, na NGC mwaka 1987. Unawapelekea sarafu, wataalamu wao huichunguza bila kujua mwenyewe ni nani, huamua kama ni halisi, huipa daraja, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye kibandiko: nchi, mwaka, thamani, herufi PF au PR za prufu, daraja, na namba ya pekee. Kazi yao haina uchawi. Mnunuzi wa mpunga wa Luberizi naye hutenganisha mchele mzima na uliokatika kwa kuutazama kiganjani, na wauzaji humkubali kwa sababu ameshaona magunia mengi. Tofauti ni kwamba hawa huandika uamuzi wao na kuusimamia kwa pesa: wakikosea, wapo tayari kufidia kwa masharti yao.

Daraja la 70 ni sarafu isiyo na dosari hata ukiikuza mara tano. Kwa sarafu za kisasa zinazotoka kiwandani moja kwa moja hadi kwenye kasha, 70 ni kitu cha kawaida, na mimi sioni sababu ya mtu kulipa mara mbili kwa ajili ya tofauti ya 69 na 70 ambayo jicho lake haliioni. Kwa sarafu ya 1975 iliyokaa nusu karne kwenye kisanduku, kupitia mikono ya warithi na madalali, usiitarajie 70. PF 67 yenye kameo kali ni sarafu ya kujivunia.

Hapa lazima nitenganishe vyeti viwili ambavyo wauzaji hupenda kuvichanganya. Kipo cheti cha karatasi kinachotoka kiwandani pamoja na sarafu. Hicho kinasema kwamba kiwanda kilitengeneza sarafu ya aina hii, uzito huu, dhahabu hii. Hakisemi kwamba sarafu iliyo mbele yako ndiyo yenyewe. Karatasi ya chui halisi inaweza kukaa pamoja na chui wa shaba bila kulalamika. Halafu kipo cheti cha daraja, ambacho kimefungwa pamoja na sarafu ndani ya kasha lisilofunguka bila kuvunjika. Hicho ndicho kinachoitwa uthibitisho. Nacho huigizwa. Makasha bandia yenye namba za kweli yapo sokoni, kwa hiyo namba ikisomwa kwenye kibandiko huingizwa kwenye tovuti ya kampuni husika, na pale ambapo kampuni imeweka picha, unalinganisha picha na sarafu alama kwa alama: kikwaruzo cha sikio, doa la pembeni. Simu ya kawaida yenye intaneti, hata ukiwa Luvungi sokoni, inatosha kwa kazi hiyo.

Nitarudi nyuma kidogo, maana sarafu ya dhahabu yenye mnyama ambayo imenigusa kuliko zote haikuwa prufu, haikuwa nzuri, na ilitengenezwa ndani ya karakana ya reli.

Mwaka 1916 Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezingirwa. Meli hazifiki, noti zao hazitakiwi, na askari wanataka mshahara. Huko Tabora, kwenye karakana ya reli ya kati, waligonga sarafu za heller 5 na 20 kwa shaba ya kuokoteza, kisha wakageukia dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ikatoka sarafu ya rupia 15: gramu 7.168, dhahabu sehemu 750 kwa 1,000, herufi T ya Tabora, tai wa Kaiser upande mmoja, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Chapa ilichongwa na sonara mwenye asili ya Ceylon. Ziligongwa 16,000 na ushei, za aina mbili ambazo wakusanyaji huzitenganisha kwa urembo mdogo kwenye maandishi.

Uzi wa hadithi hiyo unafika hadi uwanda wa Ruzizi. Mto ulikuwa mpaka wa vita kati ya Wabelgiji na Wajerumani, na mwaka 1915 mapigano yalifika Luvungi. Mwaka 1916 kikosi cha Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, chini ya kamanda Olsen kilivuka Ruzizi, kikaingia Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, kikashika Kigoma tarehe 28 Julai, kikafuata reli kuelekea mashariki. Tarehe 19 Septemba askari wa Kongo waliingia Tabora, na nyuma yao walikuwapo wapagazi wengi waliobeba mizigo ya vita ambayo haikuwa yao. Karakana ilikuwa imemaliza kugonga tembo wake miezi michache tu kabla. Leo tembo wa Tabora huuzwa akiwa ndani ya kasha lenye namba, na kosa linaloshusha daraja lake mara nyingi ni alama ya risasi ya kuchomelea ukingoni: mtu alimfanya kidani. Simlaumu mtu huyo. Alikuwa na dhahabu na alikuwa na shingo ya kuipamba.

Sarafu za kisasa nitazipitia haraka. Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza 1967, ina swala anayeitwa springbok; ni dhahabu ya karati 22, inayo wakia moja kamili ya dhahabu tupu, na kila mwaka hutolewa pia kwa prufu. Mwaka 1994 nchi hiyo ilianzisha mfululizo wa Natura, wa prufu pekee na wa karati 24, akitangulia simba. Kwa kazi ya uchongaji, Natura ndiyo kilele cha Afrika, sina ubishi juu ya hilo. Tembo wa Somalia hubadilishwa picha kila mwaka na hugongwa Bavaria, Ujerumani. Sarafu inabeba jina la nchi ambayo raia wake wengi hawajaiona. Rwanda, jirani yetu, ilianza na sokwe wa fedha mwaka 2008 na kuendelea na mnyama mpya kila mwaka. Na Kongo yenyewe, tangu mwisho wa miaka ya 1990, imeruhusu jina lake litumike kwenye wingi wa sarafu za faranga 5 na 10 zenye wanyama, meli na kila kitu, zinazotengenezwa nje na kuuzwa nje. Nchini faranga ni noti tupu. Okapi, pundamilia, nyati na twiga unawajua kwa karatasi zilizochakaa, na ukizipenda sarafu zile utalazimika kuzinunua kutoka nje. Nyingi ya hizo si dhahabu, na nyingi hazistahili kasha.

Kwa hiyo mtu wa Lubarika aanzie wapi? Ushauri wangu ni asianzie kwenye dhahabu. Aanzie kwenye sarafu ambazo bado zinapatikana kwenye makopo ya wazee. Ipo faranga mbili ya Kongo ya Wabelgiji ya mwaka 1943, yenye pembe sita na tembo, iliyogongwa Philadelphia kwa sababu Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani. Ipo faranga 50 ya fedha ya 1944, tembo tena, iliyogongwa Pretoria kwa sababu hiyohiyo. Ipo faranga moja ya Rwanda na Burundi ya miaka ya 1960 hadi 1964, yenye simba, ambayo ilivuka daraja la Ruzizi mara nyingi kuliko wafanyabiashara wengi. Ipo faranga 10 ya 1965, aluminiamu nyepesi yenye kichwa cha simba. Anayejifunza kuutambua uso usioguswa kwa simba wa aluminiamu atautambua kwa chui wa dhahabu, na makosa yake yatamgharimu faranga chache.

Makopo hayo yana mpinzani mmoja ambaye wakusanyaji wa Ulaya hawamjui. Mashariki mwa Kongo wanunuzi wengi wa dhahabu hupima vumbi kwa mizani midogo, wakitumia sarafu kuukuu na njiti za kiberiti mahali pa mawe ya mizani; vipimo vikubwa huhesabiwa kwa tola, gramu 11.66. Sarafu iliyolainika kwa kupimia miaka 30 haina tena thamani kwa mkusanyaji. Ina thamani kwa mwanahistoria, na ningependa makumbusho fulani izihifadhi chache pamoja na njiti zake.

Kuhusu udanganyifu, watu wa ukanda huu hawahitaji kuogopeshwa. Kampala na Nairobi zimejaa habari za wageni walionunua masanduku ya shaba iliyopakwa rangi. Sarafu huigizwa kwa ustadi zaidi. Dhahabu ni nzito kwa ujazo wake: tupu ina uzito mara 19.3 ya maji, na ile ya chui wa Zaire, kwa kuwa imechanganywa, mara 17 hivi. Shaba ya manjano haifiki mara tisa. Chukua mizani ya duka la dawa inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, weka juu yake kikombe cha maji, irudishe kwenye sifuri, kisha itumbukize sarafu ikiwa imening'inizwa kwa uzi bila kugusa chini. Chui halisi wa gramu 33.4 atasukuma mizani isome karibu gramu mbili. Wa shaba mwenye uzito uleule ataisukuma karibu gramu nne. Anayeshinda jaribio hili ni tungsten pekee, kwa sababu uzito wake unakaribia sana ule wa dhahabu tupu. Hapo ndipo kasha na namba vinapostahili gharama zake. Jaribio la maji lifanyie sarafu ya kawaida. Prufu usiitose, usiifute, usiivuvie pumzi. Ishike ukingoni kwa vidole viwili, juu ya kitambaa laini, na uirudishe.

Kusafisha ndiko kulikoua sarafu nyingi kuliko vita. Majivu, ndimu, dawa ya meno, mchanga wa ziwani: vyote hufanya ing'ae kwa siku moja na kuiondolea daraja milele. Dhahabu ya 900 ina madini mengine ndani yake, na katika joto la unyevu la ukanda wa ziwa inaweza kupata madoa mekundu. Yaache. Vifuko vya plastiki laini vinavyonuka huacha utelezi wa kijani juu ya sarafu. Tumia vigumu visivyo na harufu, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Swali la mahali pa kuiweka ni gumu kuliko yote, na sitajifanya nina jibu la kila nyumba. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira na kubeba nyumba na watu. Februari 2025 Bukavu ilitekwa na benki zikafunga milango. Dhahabu hubebeka, ndiyo sifa yake, na kwa sababu hubebeka huibwa. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kitu ambacho jirani hakijui hakimtii jirani majaribuni, na kwamba picha za sarafu, namba ya kasha na hati ya ununuzi zihifadhiwe mahali tofauti na sarafu yenyewe, hata kwa ndugu aliyeko Brussels. Sarafu yenye namba iliyotangazwa kuwa imeibwa ni ngumu kuuzwa kwenye mnada. Vumbi la dhahabu likiibwa, limekwenda.

Kupeleka sarafu kupewa daraja kutoka Kivu Kusini kuna gharama. Makampuni yote mawili yana ofisi Ulaya, PCGS Paris na NGC Munich, na njia ya kawaida ni kupitia muuzaji wa sarafu aliyeandikishwa nao. Kuna ada, bima, posta na forodha. Kwa faranga 10 ya aluminiamu gharama hiyo ni upuuzi. Kwa chui wa prufu ni lazima, kwa kuwa asiye na kasha atatazamwa na kila mnunuzi kama chui wa kuigiza mpaka mwenyewe athibitishe. Mpakani, ukipita Kavimvira, sarafu itangazwe pamoja na hati yake. Biashara ya dhahabu ghafi nchini ina kadi na leseni zake, na afisa aliyeona dhahabu mfukoni mwako bila karatasi hatajali kama ina chui au haina.

Neno langu la mwisho ni kwa wale ambao mzee wao alifanya kazi serikalini au benki wakati wa Zaire, akaacha kopo la sarafu juu ya kabati. Lifungue mchana, juu ya kitambaa. Ukikuta chui, au okapi na sokwe wa fedha waliokuja naye, usimsugue na usimpeleke kwa mnunuzi wa dhahabu, kwa sababu huyo atamlipia uzito peke yake, na moto wake utamfanya awe dhahabu isiyo na jina kama ile ya Misisi. Mpige picha pande zote mbili, mpime, andika ulimkuta wapi na alikuwa wa nani, kisha uliza bei kwa watu watatu wanaojua sarafu kabla hujamkubalia yeyote.